Kuchagua Kinoo cha Kisu Kizuri cha Kukunja

Kisu kizuri cha kukunja hakiuzwi pamoja na kinoo chake. Kama unacho na unaishi Singida, huenda umeletewa na ndugu aliyeko ughaibuni, umeachiwa na mgeni uliyemtembeza, au umedunduliza fedha ukaagiza Dar es Salaam. Ubapani kumeandikwa Victorinox, Opinel, Leatherman, Spyderco au jina jingine la heshima. Miezi ya mwanzo kinafanya kila kazi: kukata vichwa vya alizeti, kufungua magunia ya vitunguu, kuchinja kuku, kukata masega ya asali, kuchuna mbuzi. Halafu siku moja kinateleza juu ya ganda la nyanya bila kuingia, nawe unaanza kutafuta pa kukinolea.

Visu vingi vya aina hii huharibikia hapo, kwenye kunolewa, kuliko vinavyoharibikia kazini. Kimoja kinasuguliwa kwenye jabali nyuma ya nyumba hadi ubapa wote unajaa mikwaruzo. Kingine kinapelekwa kwenye jiwe la kuzunguka, kinarudi kikikata karatasi kwa siku mbili, kisha kinakuwa butu kuliko mwanzo, na ubapa umepungua upana kiasi cha kuonekana kwa macho. Nia ya aliyenoa ilikuwa njema. Kilichokosekana ni kifaa kinachoendana na chuma cha kisu hicho na maisha ya mwenyewe.

Ushauri wangu nautoa mapema: kwa mtu wa Singida mwenye kisu kimoja au viwili vya namna hii, kinoo cha kununua ni kibao cha almasi chenye pande mbili, pamoja na kipande cha ngozi cha kumalizia. Sababu zinafuata, na pia hali ambazo kitu kingine kinafaa zaidi.

Tazama chuma kwanza

Kabla hujauliza bei ya kinoo chochote, soma kilichoandikwa kwenye kisu. Kwa kazi yetu hii, vyuma vya visu vya kukunja vinaweza kugawanywa makundi mawili, na kundi la kisu chako ndilo litakalokuambia kinoo kipi kitafanya kazi na kipi kitakupotezea muda.

Kundi la kwanza ni vyuma vinavyonoleka kwa urahisi. Victorinox ni mfano mzuri. Kampuni hiyo ilianzia katika karakana ya Karl Elsener huko Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na kisu chake cha maofisa kikasajiliwa mwaka 1897. Chuma cha visu vyake vya leo kina ugumu wa karibu 56 kwa kipimo cha Rockwell C, ambao si mkubwa. Kinapoteza makali mapema, lakini dakika chache kwenye kinoo cha maana zinayarudisha. Leatherman nyingi zimetengenezwa kwa chuma kiitwacho 420HC, nacho ni cha kundi hili. Opinel, iliyoanzishwa na Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, inauzwa kwa namna mbili: ya chuma cha kaboni na ya chuma kisichoshika kutu. Ile ya kaboni hunoleka vizuri ajabu, ila ukikatia vitunguu bila kuifuta itabadilika rangi iwe ya kijivu na nyeusi, na ukiiacha na unyevu itashika kutu. Okapi nayo imo humu. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili iuzwe kwenye makoloni yake ya Afrika, na sisi tulikuwa miongoni mwa hayo makoloni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 inatengenezwa Afrika Kusini. Chuma chake ni cha kaboni, hakina makuu, na kinalikubali jiwe lolote la dukani.

Kundi la pili ni vyuma vigumu vya kisasa. Ukiona ubapani herufi na tarakimu kama D2, S30V, S35VN au M390, unashika kitu kingine kabisa. Chukua S30V, kilichotolewa na kampuni ya Crucible ya Marekani mwaka 2001. Ndani yake mna karibu asilimia 4 ya vanadiamu, ambayo ikiungana na kaboni hufanya chembechembe ndogo mno zilizotawanyika ndani ya chuma. Chembe hizo ndizo zinazokifanya kisu kidumu na makali kwa muda mrefu, na ni ngumu kuliko oksidi ya alumini, ambayo ndiyo inayofanya kazi ndani ya mawe mengi ya kunolea. Jiwe kama hilo litakinoa kisu chako, lakini polepole, na ukali wa mwisho hautafika pale ambapo chuma kinaweza kufika. Almasi inazikata chembe hizo bila shida. Usiogope neno almasi ukadhani unaambiwa ununue johari: inayotumika hapa haichimbwi Mwadui kwa majirani zetu wa Shinyanga. Ni ya kiwandani, ile ambayo General Electric ya Marekani ilifanikiwa kuitengeneza mwaka 1954, na kwa sababu hiyo bei yake ni ya kawaida.

Kama kisu chako hakina maandishi yoyote ya chuma, kichukulie kuwa ni cha kundi la kwanza. Ukikipitisha kwenye jiwe zuri ukasikia kinateleza tu bila kuuma, hapo umepata jibu lako.

Jabali, tupa na jiwe la kuzunguka

Singida ni mkoa wa mawe. Ukiingia mjini unayaona majabali ya granaiti yamekaa kila upande mpaka kando ya Ziwa Singidani, na si ajabu kwamba watu wananolea juu yake. Panga halidhuriki: makali yake ni manene na kazi yake ni kufyeka. Kisu cha kukunja ni habari nyingine. Granaiti ni mchanganyiko wa madini matatu hivi yenye ugumu tofauti. Kwati ni ngumu sana, feldspa inafuata, na mika, yale magamba yanayometameta juani, ni laini kiasi kwamba unaweza kuyabandua kwa ukucha. Makali yanapopita juu ya jiwe hilo yanakwaruzwa sana mahali pamoja na kuachwa mahali pengine. Ukiyatazama kwa karibu utaona yamekuwa na vijino, vingine virefu, vingine vifupi. Vijino hivyo vinararua nyama au kamba kwa siku moja mbili, kisha vinavunjika, na unabaki na kisu butu chenye mapengo.

Tupa nayo ina mahali pake. Wahunzi wa Kidatoga wa upande wa Ziwa Eyasi wanawafulia Wahadzabe ncha za mishale kutokana na misumari, na chuma laini kama hicho tupa inakiuma sawasawa. Tupa inalifaa jembe, inalifaa panga, inalifaa shoka. Lakini ugumu wa tupa haupishani sana na wa kisu kigumu cha kukunja, kwa hiyo itateleza juu yake ikilia, na makali mazuri yanaweza kumeguka. Weka tupa mbali na kisu hiki.

Mnoaji wa baiskeli, yule anayekanyaga pedali na jiwe likazunguka, ni fundi anayestahili heshima yake, na visu vya jikoni, mapanga na mundu nampelekea bila wasiwasi. Tatizo la jiwe linalozunguka ni joto, na mashine ya umeme ndiyo mbaya zaidi. Kiwandani, kisu kikishakomazwa kwa moto hupashwa tena taratibu ili kisiwe chepesi kuvunjika, na kwa visu vingi joto hilo huwa karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Ukingo wa makali ni mwembamba kuliko karatasi. Ukigusa jiwe kavu linalokwenda kasi, unafika joto hilo na kulipita kabla hujahesabu tatu, hata kama ubapa wenyewe bado ni baridi mkononi. Kwenye chuma cha kaboni utaona dalili: rangi ya majani makavu inatokea kwenye nyuzi 220 hivi, na bluu karibu na 300. Palipogeuka bluu, ugumu umeshapungua, na hakuna kunoa kutakakoufanya ukingo huo ushike makali tena mpaka sehemu hiyo iondolewe yote. Chuma kisichoshika kutu kinaweza kuungua bila kuonyesha rangi mapema, na ndiyo maana mwenye kisu haelewi kwa nini kinazidi kuwa butu kila kinaponolewa.

Vinoo vilivyopo, na ninavyoviona

Jiwe la pande mbili la maduka ya vifaa vya ujenzi, upande mmoja mkali na mwingine laini kidogo, linatosha kwa Victorinox, Opinel na Okapi. Kasoro yake kubwa ni kubonyea katikati kadiri linavyotumika. Na jiwe lililobonyea haliwezi kukupa makali yaliyonyooka. Lirudishe usawa kwa kulisugua juu ya sakafu bapa ya saruji yenye mchanga mwembamba na maji. Tumia maji, au mafuta mepesi ya cherehani, au mafuta ya taa. Najua kila nyumba mkoani ina dumu la mafuta ya alizeti, na ni mafuta mazuri ya kupikia, lakini usiyamwage juu ya jiwe: yakikaa yanaganda yakawa kama gundi, yanaziba vinyweleo vya jiwe, na jiwe linaacha kunoa.

Mawe ya maji ya Kijapani, kwa kawaida namba 1000 na 6000, yanatoa makali mazuri kuliko mengi niliyoyataja. Yanapendwa na wapishi, na sababu ipo. Ila ni laini, yanabonyea haraka, yanataka kulowekwa au kumwagiwa maji muda wote wa kunoa, na yakidondoka yanavunjika. Kwa mtu wa mjini mwenye meza, maji ya bomba na visu vingi vya jikoni, sawa. Ukiyafunga kwenye pikipiki ukaenda nayo Itigi au Rungwa, utafika na vipande.

Vipo vifaa vinavyokushikia pembe. Lansky ina kibanio cha kukamata kisu na matundu ya kupitishia vijiwe kwa nyuzi 17, 20, 25 na 30. Spyderco Sharpmaker ina fimbo za kaure zinazosimamishwa kwenye kitako zikakupa nyuzi 15 au 20 kila upande; unashusha kisu wima kama unayekata hewa, hutumii maji wala mafuta, na fimbo zikijaa weusi wa chuma unazisugua kwa sabuni ya unga na brashi. Work Sharp wanauza kifaa kidogo cha safari chenye vibao viwili vya almasi, kipande cha kaure na ngozi, pamoja na vielekezi vya nyuzi 20. Kama mkono wako bado hauna mazoea na una uwezo wa kuagiza, hicho cha mwisho ndicho ningekuchagulia, hasa kwa wafugaji na waongoza wageni, kwa sababu kila kitu kimo ndani ya kifaa kimoja kinachoingia mfukoni. Lansky ni nzuri kwa mtu wa nyumbani. Ila kibanio chake hakishiki vizuri ubapa mdogo au mwembamba sana, na ukisahau kuusafisha ubapa kabla ya kuubana utauchubua.

Vile vidude vya kuvuta kisu katikati ya vyuma viwili vilivyopishana, usivinunue kwa ajili ya kisu hiki. Havinoi, vinachuna. Vinaondoa chuma kingi kila ukivuta na kuacha ukingo uliochanika, na pembe yake hubadilishi hata ungetaka.

Nataka kukaa kidogo kwenye msasa, maana ndio mkombozi wa asiye na fedha ya kinoo leo. Waulize wanaouza rangi za magari wakupe msasa wa maji, ule mweusi usioharibika ukilowa. Nunua karatasi moja ya namba 400, moja ya 1000 na moja ya 2000. Chembe za 400 zina ukubwa wa mikroni 35 hivi, za 1000 ni 18, za 2000 ni 10, kwa hiyo ngazi zinapandana vizuri. Tafuta kipande cha kioo kinene cha dirisha, fundi wa vioo hutupa mabaki yake kila siku. Sugua kingo zake zisikukate, lowesha kioo, laza msasa juu, nao utanata wenyewe. Una kinoo bapa kabisa kisichobonyea kamwe, maana ukiisha unabadilisha karatasi. Sharti lake ni moja: kivute kisu kwa upande wa mgongo, makali yakifuata nyuma, ukienda kinyume chake utauchana msasa. Chuma cha kundi la kwanza kitapata makali ya kunyolea kwa njia hii.

Basi kwa nini nasisitiza kibao cha almasi? Kwa sababu ya mazingira. Kiangazi cha Singida ni kirefu, upepo unabeba vumbi la mchanga, na mtu anayechunga ng'ombe Mkalama au kurina asali Manyoni hana sababu ya kutumia maji yake ya kunywa kulowekea jiwe. Kibao cha almasi kinafanya kazi kikiwa kikavu, au kwa matone machache. Hakibonyei. Kikidondoka hakivunjiki, kwa kuwa ni bati la chuma lililopakwa chembe za almasi. Na kinanoa makundi yote mawili ya chuma, kwa hiyo ukibadilisha kisu hubadilishi kinoo. Namba 400 upande mmoja na 1000 upande wa pili, au karibu na hapo, ni chaguo zuri. Kampuni ya DMT ya Marekani hutumia rangi: bluu ni mikroni 45, nyekundu 25, kijani 9, ukikuta hizo, bluu na nyekundu zinatosha kwa kazi, kijani ni nyongeza ya mpenda makali. Kibao cha nyumbani kiwe na urefu wa sentimita 15 au zaidi. Cha mfukoni, sentimita 10 zinatosha.

Vibao vya bei ya chini vimejaa sokoni na baadhi ni vizuri, ila kagua kabla hujalipa. Simamisha ukingo wa rula juu yake, kwa urefu na kwa mshazari, uelekeze kwenye mwanga: mwanga ukipenya katikati, kibao kimepinda, kirudishe. Pitisha ukucha juu yake. Mkwaruzo uwe sawa kila mahali, usikute sehemu laini kama imesahaulika. Kikiwa kipya kitakwaruza zaidi ya namba yake inavyosema, na hilo hutulia baada ya kunoa mara kadhaa. Kosa linaloua vibao hivi ni kukandamiza. Ukitumia nguvu unang'oa chembe za almasi, na zikishang'oka hazirudi. Uzito wa kisu na wa vidole viwili unatosha.

Namna ya kunoa

Anza kwa kusafisha kisu. Nta na gundi ya nyuki vikibaki ubapani vinaziba kinoo, kwa hiyo mrina asali afute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha aoshe kwa sabuni. Fungua kisu mpaka kifungio kishike. Opinel ina pete, iliyoongezwa mwaka 1955, izungushe. Kisu kisicho na kifungio kinaweza kujikunja juu ya vidole vyako katikati ya kazi, kwa hiyo weka vidole vyote nyuma ya njia ya ubapa.

Sasa pembe. Kwa kisu cha kazi za shamba na mifugo, nyuzi 20 kila upande. Kwa kisu cha kukatia nyama na matunda tu, waweza kushuka mpaka 15. Huhitaji chombo cha kupimia: kama ubapa una upana wa sentimita 2, inua mgongo wa kisu milimita 7 juu ya kibao, na utakuwa kwenye nyuzi 20, kama upana ni sentimita moja na nusu, milimita 5. Pima kwa rula mara moja, uone, kisha ukariri kwa mkono. Halafu chukua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi, upake makali yote pande mbili. Pitisha kisu mara tatu kwenye kibao utazame. Wino ukifutika mpaka kwenye ncha kabisa ya makali, pembe yako ni sahihi. Ukifutika juu tu karibu na mgongo, umelaza mno. Ukifutika ukingoni tu na juu umebaki, umeinua mno. Kwa mtu anayeanza, sijui msaada unaoshinda huu wa wino.

Noa upande mmoja kwa namba 400, ukianzia kwenye kisigino cha ubapa hadi ncha, makali yakitangulia, mpaka uhisi ukingo mwembamba wa chuma umekunjikia upande wa pili. Uhisi kwa kupitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe usikipitishe kidole kwa kufuata urefu wa makali. Ukingo huo uliokunjika ndio ushahidi kwamba umefika mwisho wa upande ule. Bila huo, hata ukinoa saa nzima hujanoa. Ukiupata urefu wote, geuza, noa upande wa pili mpaka ukingo urudi. Kisha hamia 1000, ukipunguza nguvu kila mara, ukibadilisha upande kila mpitisho, mpaka ukingo uishe kuhisika.

Ngozi inamalizia. Mkanda wa zamani wa ngozi ya ng'ombe, uliogundishwa juu ya ubao upande wenye manyoya manyoya ukiwa juu, unafaa. Upake dawa ya kijani ya kung'arishia chuma, au tone la dawa ya shaba kama Brasso na uache ikauke. Vuta kisu kwa upande wa mgongo, mara kumi kila upande, bila kukandamiza.

Jaribu kwa kukata gazeti likiwa limeshikwa hewani. Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni tochi ya simu. Elekeza makali juu, yakikutazama, na uyamulike. Makali yaliyokamilika hayarudishi mwanga hata chembe, kwa sababu hayana ubapa wa kuurudishia. Ukiona kinukta cheupe kinang'aa, hapo ndipo palipobaki butu. Rudi ukanoe hapo tu.

Kwa anayechinja, fanya kazi hii jioni ya jana yake. Waislamu wamefundishwa kunoa kisu barabara kabla ya kuchinja na kutomwonyesha mnyama kisu kikinolewa, na ni adabu inayomfaa kila mchinjaji, awe na dini gani. Kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu kando yako hapaswi kusubiri umalize kusugua.

Baada ya kunoa

Unga wa chuma na vumbi hupenya kwenye mkunjo wa kisu na kuula taratibu. Suuza kwa maji safi, kipulize, kikaushe juani kikiwa wazi, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye egemeo, kifungue na kukifunga mara kadhaa, kisha futa. Usikisuuze Singidani wala Kindai, hata kama unanolea ufukweni. Maziwa hayo ni ya chumvi na kutu haitakusubiri. Kibao chenyewe kioshe kwa sabuni na mswaki mkuukuu.

Ukishakuwa na makali mazuri, ngozi mara moja kwa wiki inakutosha kwa muda mrefu, na upande wa 1000 pale ngozi inaposhindwa. Upande wa 400 uguse mara chache sana, kwa sababu kila ukiugusa kisu kinapungua. Sehemu yenye meno kama ya msumeno, ikiwa kisu chako kinayo, usiilaze kwenye kibao; ifanyie kazi jino kwa jino kwa fimbo nyembamba ya kaure, upande uliochongwa peke yake.

Na kama kisu chako kilishapita kwenye mashine kikarudi kimeungua au kina mapengo, usikitupe wala usikifiche kabatini. Tenga jioni moja, kaa na upande wa 400, uondoe chuma chote kilichoungua hadi ufikie kizima, ukitumia wino na tochi kujikagua. Ubapa utapungua milimita moja hivi. Vingi bado vitakuwa na miaka mingi ya kazi mbele yake.